Gasketi ya Pili: Shajara ya Kufunga Upya Hedi ya 4A-FE

Jumamosi ya kwanza

Gari ni Toyota Corolla lenye injini ya 4A-FE: silinda 4, vali 16, ujazo wa cc 1,587, hedi ya aluminiamu (kichwa cha injini, chenye vali) juu ya bloku ya chuma cha kuyeyushwa (mwili wa injini, wenye silinda). Gasketi ya hedi, lile tabaka linaloziba kati ya hedi na bloku, niliibadilisha mwenyewe miezi 5 iliyopita, baada ya mpira mdogo wa maji kupasuka na gari kuchemsha huku dereva (ndiye mimi) akijifariji kwamba nyumbani si mbali. Sasa gasketi hiyo nayo imeungua. Naandika shajara hii kwa sababu mara ya kwanza sikuandika lolote, na leo nikijiuliza nilipima nini na nilikiruka kipi, sina jibu.

Dalili zilinijia kwa kunyata. Kwanza maji yalipungua bila tone hata moja kuonekana chini. Kisha asubuhi moja niliwasha injini ikiwa baridi kabisa, na kabla dakika 1 haijaisha mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu kama tairi. Maji hayapati presha ya namna hiyo kwa moto wa dakika 1. Ile ilikuwa presha ya silinda imepenya mahali isipotakiwa. Nilizima, nikasubiri ipoe, nikafungua kifuniko na kuwasha tena: mapovu yakaja mfululizo, kama sufuria inayoanza kuchemka.

Leo nimethibitisha kwa njia 2. Ya kwanza ni kile kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, hewa ya ndani ikavutwa ipite humo. Hewa safi haikibadilishi, lakini gesi ya moshi wa petroli hukigeuza njano. Kiligeuka njano hata sijamaliza kukunja mikono ya shati. Ya pili ni kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana, plagi zote nje na ekseleta imekanyagwa mpaka mwisho: silinda ya 1 baa (kipimo cha presha) 12.8, ya 2 baa 9.1, ya 3 baa 9.4, ya 4 baa 12.9. Kitabu cha injini hii hakitaki silinda ishuke chini ya baa 9.8, wala tofauti kati ya silinda moja na nyingine ipite baa 1 hivi. Silinda 2 jirani zikishuka pamoja, mshukiwa wa kwanza ni ule ukuta mwembamba ulio kati yao.

Oili kwenye kijiti ni safi, haina ule uji wa rangi ya maziwa. Nimeshukuru kwa hilo, kisha nikaziacha boliti za hedi kama zilivyo. Injini bado ina joto, na hedi ya aluminiamu ikilegezwa ya moto inaweza kupinda.

Jumapili

Kufungua vitu vya juu hakuna hadithi. Maji yamemwagwa, oili imemwagwa, manifoldi zimetoka, pistoni ya 1 ipo juu, alama za taimingi nimezipiga picha, mkanda umetoka. Kwenye injini hii kamshafti (shafti inayofungua vali) moja inazungushwa na mkanda na ya pili inasukumwa na ya kwanza kwa gia, na gia ya hiyo ya pili ina springi ndani. Usipoifunga kwa kiboliti kabla ya kuitoa, springi inafunguka na unapoteza nusu saa ukitukana. Safari hii niliifunga.

Boliti za hedi ni 10. Zinalegezwa kuanzia pembezoni kuja katikati, kidogo kidogo, mizunguko 3, ili hedi iachiwe sawasawa. Zina urefu wa aina 2: fupi za milimita 90 upande wa kuingizia hewa, ndefu za milimita 108 upande wa ekzosi. Nilitoboa katoni matundu 10 kwa mpangilio wa injini na kuzichomeka humo moja moja kadiri zilivyotoka. Boliti ya tundu la kona upande wa gia ilitoka na kamasi nyeusi nusu ya uzi wake, mchanganyiko wa maji ya zamani na oili. Hayo maji hayakuingia juzi. Niliyafungia humo mimi, miezi 5 iliyopita.

Hedi ilitoka kwa kugongwa na nyundo ya mpira. Gasketi ilikuwa rahisi kuisoma: kati ya silinda ya 2 na ya 3 pete ya chuma imekatika na ute wake (ule mjazo laini wa gasketi) umeungua mpaka umekuwa mkaa, na kutoka hapo kuna njia nyeusi inayoelekea kwenye tundu la maji. Kwingine kote alama ya kubanwa ni safi. Kwa maneno mengine gasketi ilifanya kazi yake kila mahali ilipopewa nafasi ya kuifanya.

Ndipo nilipolala chali chini ya benchi na kumulika uso wa hedi kwa tochi kutoka ubavuni. Mwanga ukija ubavuni huonyesha kila kitu. Palikuwa na mikwaruzo ya nusu duara, mingi, imepandana kama miezi michanga, na ilikuwa minene zaidi palepale kati ya 2 na 3. Hapo ndipo gasketi ya kiwandani ilipokuwa imeganda zaidi mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipoikandamiza dreli yenye diski ya msasa mpaka paking'ara.

Rula nyoofu, na fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Nilipima pande 6: urefu mara 2, upana mara 2, na kona kwa kona. Kiwango cha mwisho kwa uso huu ni milimita 0.05. Sehemu kubwa ya hedi kibati cha 0.04 hakikupita. Kati ya silinda ya 2 na ya 3, cha 0.09 kilipita bila hata kusukumwa.

Hedi haikupinda. Nimeichimba.

Neno moja kuhusu rula, maana ya kwanza niliyoitumia ilinidanganya. Ni ya chuma, nzuri machoni, lakini nilipoigeuza ubavu mwingine dosari nayo ikahama. Dosari ya hedi haihami, inayohama ni ya rula. Niliazima nyingine, nene, ya kupimia, na yenyewe nikaigeuza ili nihakikishe kabla sijaiamini.

Jumatatu usiku

Sikugusa bloku. Nilikata filta ya oili kwa msumeno wa mkono na kukunjua karatasi yake kwenye sinia, kwa sababu jambo jingine kuhusu zile diski lilikuwa limeninyima usingizi. Chembe za msasa huo ni oksidi ya aluminiamu, kitu kigumu kuliko chuma chochote kilicho ndani ya injini. Zikidondokea kwenye njia za oili huzunguka na oili mpaka kwenye beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na kuzila. General Motors iliwahi kuwatumia mafundi wake waraka mahsusi wa kukataza diski za aina hiyo kwenye nyuso za injini kwa sababu hii hii. Sumaku haizivuti, kwa hiyo ile sumaku ya kwenye kizibo cha oili haisaidii kitu.

Kwenye mikunjo ya karatasi niliona vimeremeta vichache, si vingi. Presha ya oili ilikuwa nzuri na injini haikuwa na mlio wa chini, basi beringi nimeziacha. Huenda nimebahatika. Diski nimeitoa kwenye sanduku la vifaa.

Jumanne na Jumatano

Siku 2 za kusafisha uso wa bloku, na nitakaa hapa kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kwanza kuziba. Nilizungusha krenki mpaka pistoni zote 4 zikawa katikati ya safari, urefu mmoja. Kwenye injini ya silinda 4 zilizopangwa mstari, hilo linapatikana robo mzunguko kutoka pistoni ya 1 inapokuwa juu. Nikapaka grisi nyembamba kuzunguka ukingo wa kila pistoni, pale inapokutana na ukuta wa silinda, halafu vitambaa juu yake. Uchafu ukidondoka unanaswa na grisi badala ya kuteremka kwenye ringi. Njia za maji nimezijaza karatasi laini iliyoviringishwa. Tundu la oili linalopeleka oili juu kwenye hedi nimelipa kizibo chake peke yake, kilichokatwa kwenye mpira, na nikalichora duara la rangi nyekundu ili nisilisahau. Hilo likiziba, kamshafti zinakauka. Likiingia mchanga, ni mbaya zaidi.

Kisha dawa ya kulainisha gasketi, ya kupuliza. Robo saa ya kusubiri, bila kushika chochote. Nilikuwa na haraka mara ya kwanza na sidhani kama hata niliinunua.

Bloku ya chuma inavumilia wembe. Nilishika wembe mpana karibu kulala kabisa, nikausukuma mbele tu, na kila ulipokwama nilirudia dawa. Kwa aluminiamu ya hedi kanuni ni nyingine, kule ni plastiki au mti mgumu uliochongwa ncha kama patasi, kwani kona ya wembe inachora mfereji kwenye aluminiamu kabla mkono haujahisi. Hedi hii inakwenda mashine, lakini hata hivyo nilitumia mti. Sikutaka kumpelekea fundi mikwaruzo mipya.

Baada ya wembe niliendelea na jiwe bapa la kunolea, lile kubwa, lenye oili nyembamba. Unaliweka juu ya bloku na kulivuta kwa uzito wake wenyewe, bila kukandamiza. Jiwe halisawazishi bloku na wala silitumii kwa kusudi hilo. Linaonyesha tu. Mahali palipoinuka panang'aa baada ya mivuto 2 au 3. Palipong'aa ni midomo ya matundu ya boliti, yote 10. Boliti ikivutwa kwa nguvu kwa miaka, chuma kinachozunguka mdomo wa tundu huinuka kama kichuguu kidogo mno, na kichuguu hicho kinaiinua hedi isikae vizuri palepale inapotakiwa kubanwa zaidi. Jiwe lilivilaza. Kucha yangu ilikuwa ikikwama pale, sasa inateleza.

Matundu yenyewe. Haya yana kitako. Maji au oili ikibaki chini, boliti inaposhuka inakuwa kama pistoni, na kimiminika hakibanwi. Ama spana itakuambia umekaza wakati unasukuma maji tu, ama bloku itapasuka. Nilifyonza kila tundu kwa bomba la sindano lenye mrija, nikaingiza kitambaa kilichofungwa kwenye waya, mwisho upepo wa kompresa huku nimefunika mdomo kwa kitambaa na nimevaa miwani. Tundu la kona lilitoa karibu kijiko cha chai cha ule uchafu mweusi.

Nyuzi za ndani nilizisafisha kwa boliti kuukuu niliyoikata mifereji 3 kwa msumeno kwenye uzi wake. Inaingia kwa mkono, inakusanya uchafu kwenye mifereji, inatoka. Tepu ya kukatia uzi sikuitumia. Ile hukata chuma kipya, na uzi uliolegezwa hivyo haushiki boliti kama zamani. Matundu 10, kila moja mara 3, boliti ikifutwa kila inapotoka. Jumatano usiku iliingia kwenye tundu la mwisho kwa vidole 2 mpaka chini.

Baada ya hapo nilipima bloku, maana kupima uso mchafu ni kupima uchafu. 0.03 pabaya kabisa, mpaka ni 0.05. Bloku haiendi kokote.

Alhamisi

Hedi kwa fundi wa mashine. Mzee aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha mara moja.

"Hii ulisafisha na diski, kijana?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo diski, kunyoosha ilifundishwa na nani?"

Sikuwa na la kujibu. Kabla ya kuigusa aliniuliza nafunga gasketi ya aina gani, na nilifurahi kwamba aliuliza. Gasketi ya ute laini, kama ile ya asili ya injini hii, inapenda uso wenye ukwaru kidogo ili ishike, wa mikromita 1.5 hadi 2.5 hivi. Gasketi ya tabaka za chuma inataka uso laini zaidi, chini ya mikromita 1.3 kwa makadirio, na nyingine hutaka laini kuliko hapo. Nimechagua ya ute. Bloku yangu imesafishwa kwa mkono, haijapita mashine, na gasketi ya ute inasamehe zaidi.

Kwanza aliijaribu kwa presha: matundu ya maji yakazibwa kwa mabamba, ikazamishwa kwenye maji ya moto, ikajazwa upepo. Hakuna povu, kwa hiyo haina ufa. Kisha akalaza kamshafti kwenye vikalio vyake na kuzizungusha kwa vidole. Hilo sikulijua: hedi ikipinda chini, mstari wa kamshafti hupinda nayo, na kusawazisha uso wa chini hakunyooshi juu. Unapata hedi bapa inayobana kamshafti. Za kwangu zilizunguka bure, kwa sababu, kama nilivyosema, hedi haikuwa imepinda.

Ametoa milimita 0.12. Nilipoipokea niliitazama tena kwa mwanga wa ubavuni na ile miezi michanga haikuwepo.

Ijumaa jioni

Kuosha hedi. Hedi iliyotoka mashine imejaa vumbi la aluminiamu hata ikionekana safi. Maji ya sabuni ya moto, brashi ndefu za chupa ndani ya kila njia ya oili, suuza, upepo, oili nyepesi kwenye vali. Boliti mpya 10 zimefika. Za zamani zilikuwa zimeshavutwa mara 2, na boliti ya kukazwa kwa nyuzi (kwa kuizungusha pembe maalumu) hunyooshwa kwa makusudi kila inapofungwa.

Gasketi mpya nimeiacha ndani ya bahasha yake, imelala bapa. Sitaki kuikuta imejikunja.

Jumamosi ya pili

Vitambaa na karatasi vimetoka, nikavihesabu kama daktari wa upasuaji. Grisi kwenye kila silinda nimeikusanya kwa kitambaa, pistoni ikipandishwa na kufutwa, kuta zikapata oili mpya. Halafu nyuso zote 2 zikafutwa kwa kisafisha breki na kitambaa cheupe. Kitambaa cha kwanza kilitoka kijivu, cha pili manjano, cha tano cheupe. Baada ya hapo hakuna kidole kinachogusa. Mafuta ya mkono yanatosha kuifanya gasketi iteleze.

Iteleze kwa nini? Aluminiamu hutanuka karibu mara 2 ya chuma cha bloku. Hedi ya urefu wa sentimita 40 ikipanda nyuzi joto 70, inarefuka karibu milimita 0.64, na bloku iliyo chini yake, ikipata joto hilo hilo, inarefuka 0.31 tu. Tofauti ni theluthi ya milimita, kila unapowasha na kila unapozima, na anayeimeza ni gasketi. Ikishika vizuri juu na chini inajinyumbua katikati. Ikikalia grisi au silikoni inatambaa, na siku moja haitarudi mahali pake. Kuna wanaopaka silikoni gasketi ya hedi "kwa usalama". Mara ya kwanza mimi nilipaka grisi kidogo ili isihame wakati wa kufunga. Sasa ni kavu, kama ilivyotoka kwenye bahasha.

Pini 2 za kuelekezea zipo. Gasketi imekaa juu yake, maandishi yakitazama juu. Nikarudi nyuma kuitazama na moyo ukapiga: kwenye bloku kuna njia za maji pana, na juu yake gasketi ina vitundu vidogo, kwingine imeziba kabisa. Mara ya kwanza jambo hili lilinitisha kiasi kwamba nilishika dreli. Bahati nilisita. Vitundu vile ni vipimo. Vinayabana maji yanayotaka kupanda hapo karibu na pampu ili yafike mpaka nyuma kwenye silinda ya 4 kabla ya kupanda kwenye hedi. Ukivipanua, nyuma panachemka.

Mdogo wangu alishika upande mmoja wa hedi, mimi wa pili. Tulikuwa tumekubaliana: ikikaa vibaya tunainua, hakuna kusukuma. Ikakaa vibaya. Tukainua. Mara ya pili ikashuka kwenye pini zake na kutoa mlio mmoja mzito, ule mlio wa kitu kilichofika.

Boliti zote oili kidogo kwenye uzi na chini ya kichwa, kidogo kiasi kwamba haidondoki. Mkazo unaousoma kwenye spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, karibu asilimia 90 yake huliwa na msuguano, chini ya kichwa na kwenye uzi. Asilimia 10 tu ndiyo inayovuta boliti. Ndiyo maana ukavu wa boliti moja unaharibu hesabu yote, na nililiona kwa macho: kwenye hatua ya kwanza, Nm (nyutoni-mita) 29 kutoka katikati kwenda pembezoni, boliti ya 7 iliruka-ruka ikilia, spana ikagonga mapema. Nililegeza. Uzi ulikuwa na oili, chini ya kichwa nilisahau. Nikapaka, nikarudia, na safari hii ilizunguka zaidi, karibu theluthi ya robo mzunguko, kabla ya kufika Nm 29 ile ile. Ningeiacha, boliti hiyo ingekuwa imeshika nusu usingizi, na spana ingeapa kwamba ni sawa na wenzake.

Kwa sababu hiyo hiyo hatua zinazofuata hazitumii toki kabisa. Nilitia nukta ya rangi nyeupe upande wa mbele wa kila kichwa cha boliti. Nyuzi 90, kwa mpangilio ule ule. Kisha nyuzi 90 nyingine. Mkono unahisi boliti ikianza kunyooka: haiongezi ugumu kama ulivyozoea, inakubali polepole, na ukiwa mgeni utadhani inakatika. Nukta zikianza mbele, mwisho zinatakiwa zitazame nyuma. Mdogo wangu alizihesabu kwa sauti. Kumi.

Baadaye kamshafti, mkanda, vifuniko. Nilipima nafasi za vali ingawa kusawazisha uso wa chini hakuzibadilishi, kamshafti zikiwa ndani ya hedi yenyewe. Zilikuwa sawa. Na 0.12 iliyopungua, kikazio cha mkanda kimeimeza bila kujua.

Jumapili ya pili

Oili mpya, filta mpya, maji yenye kulanti. Kabla ya plagi kurudi niliizungusha injini kwa stata tu mpaka taa ya oili ikazimika. Iliwaka mara ya pili kuguswa.

Moshi mweupe dakika 20 nzima. Ni maji yaliyobaki kwenye sailensa, najua, nilijiambia, na bado nilisimama nyuma ya gari kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Harufu ya kuungua ikatoka kwenye manifoldi ya ekzosi, hiyo ni mikono yetu ya jana. Hita imefunguliwa, kifuniko cha rejeta wazi, najaza kadiri hewa inavyotoka. Termostati ilifunguka, mpira wa chini ukapata moto, feni ikawaka na kuzima, mara 3. Mapovu machache mwanzoni, kisha hakuna.

Jumatatu asubuhi

Maji yamepungua nusu kikombe. Nilikaa chini sakafuni. Baadaye nikakumbuka kwamba mfumo uliomwagwa wote huficha hewa kwenye hita na kuitoa baada ya kupoa. Nimejaza, nimetia alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba. Mpira wa juu ni laini.

Jumanne asubuhi

Maji yapo kwenye alama.

Baada ya kilomita 600

Maji hayajashuka. Kimiminika cha buluu kimebaki buluu. Kompresheni: 13.0, 12.9, 12.9, 13.1. Boliti sikuzikaza tena, injini za zamani zilitaka hivyo, hii iliyokazwa kwa nyuzi haitaki. Oili nimeimwaga mapema kwa ajili ya chochote kilichobaki tangu enzi za diski, na filta nimeikata: karatasi safi. Boliti kuukuu 9 zimekwenda kwenye chuma chakavu, ile yenye mifereji 3 imetundikwa ukutani pamoja na spana. Kimebaki kifuniko cha vali, kinatoa jasho la oili kona ya nyuma. Wiki ijayo.